28-3: Falcons waliangushwa na uitaji wa plei au na ulinzi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu futiboli ya Kimarekani. Humu, "plei" ni tukio moja la mchezo, tangu mpira uanzishwe hadi filimbi ilie. "Jaribio" ni moja kati ya nafasi nne ambazo timu hupewa ili isogee yadi 10. "Kuita plei" ni kuchagua kitakachochezwa kabla mpira haujaanzishwa. "Kotabeki" ni mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. "Zamu" ni kipindi ambacho timu moja ina mpira, hadi ifunge au iupoteze. "Tachidauni" ni kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani, pointi 6; baada yake timu huongeza pointi 1 kwa teke, au hujaribu kuongeza 2 kwa plei moja.

Mnazungumzia mechi ipi?

Super Bowl ya 51, fainali ya ligi ya Marekani (NFL), tarehe 5 Februari 2017, Uwanja wa NRG, Houston. Atlanta Falcons waliongoza 28-3, kisha wakafungwa 34-28 na New England Patriots katika muda wa nyongeza. Haikuwahi kutokea Super Bowl kwenda muda wa nyongeza kabla ya hapo. Dar es Salaam na Nairobi ilianza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Walioenda kulala wakati wa mapumziko, ubao ukisoma 21-3, waliamka wakadhani simu zinawatania.

Saa ya mchezo huu huhesabu kurudi nyuma, kwa hiyo muda ulio hapa chini ni uliobaki:

Robo ya tatu, 8:31: Falcons 28, Patriots 3.
Robo ya tatu, 2:06: 28-9. Teke la pointi ya ziada liligonga mlingoti.
Robo ya nne, 9:44: 28-12.
Robo ya nne, 5:56: 28-20, pamoja na jaribio la pointi 2.
Robo ya nne, 0:57: 28-28, tena na jaribio la pointi 2.
Muda wa nyongeza: 34-28.

Pointi 31 mfululizo bila jibu. Humo ndimo ubishi wote unamozaliwa.

Nani huita plei? Si kotabeki mwenyewe?

Kwa Falcons wa msimu ule, mwitaji alikuwa Kyle Shanahan, mratibu wa mashambulizi. Kocha mkuu alikuwa Dan Quinn, na mratibu wa ulinzi Richard Smith.

Utaratibu ni huu. Plei ikiisha, saa ndogo ya sekunde 40 huanza kuhesabu. Mratibu hutaja plei kwa redio, na kotabeki huisikia kupitia spika iliyomo kwenye kofia yake. Sekunde 15 zikibaki redio hukatwa. Kuanzia hapo kotabeki yuko peke yake: anaweza kubadilisha plei akiona ulinzi umejipanga vibaya kwake, anaweza kuomba taimauti (kusimamisha mchezo kwa muda mfupi), au anaanzisha mpira.

Kwa hiyo ukisema "Shanahan aliita pasi" umesema kweli, lakini hujamaliza. Kocha mkuu anasikia kila neno na ana mamlaka ya kusema hapana. Matt Ryan, mchezaji bora wa ligi msimu ule, naye alikuwa na sekunde zake 15.

Timu ikifungwa 34, si wazi kwamba ulinzi ndio wenye makosa?

Si wazi hata kidogo. Pointi zilizofungwa ni jumla ya vitu vingi, na ulinzi ni kimojawapo tu.

Tuanze na upande wa Falcons. Katika zile 28, mashambulizi yalifunga 21. Saba zilizobaki zilitokana na ulinzi: Robert Alford alinyakua pasi ya Tom Brady na kuikimbiza yadi 82 hadi mwisho. Hata tachidauni ya kwanza ya Falcons ilianzia kwa ulinzi, LeGarrette Blount alipodondoshewa mpira. Grady Jarrett peke yake alimwangusha Brady mara tatu, na hiyo ni rekodi ya Super Bowl iliyofikiwa, haijapitwa.

Sasa upande wa Patriots. Zamu tano zilizoleta zile pointi 31 hazifanani. Moja ilianzia yadi ya 25 ya Falcons wenyewe, baada ya Ryan kuangushwa na mpira kumtoka mkononi. Hiyo ilizaa pointi 8, na ulinzi uliingia uwanjani nyumba ikiwa tayari inaungua. Zamu nne nyingine zilikuwa ndefu: yadi 75, zaidi ya 70, 91, na 75 tena ya muda wa nyongeza. Hizo ni deni la ulinzi na hakuna wa kulilipa isipokuwa wao. Zamu ya yadi 91 hasa haina utetezi mzuri. Ukiwa na mpinzani kwenye yadi yake ya 9, dakika tatu na nusu zimebaki na anahitaji tachidauni pamoja na pointi 2, unatakiwa umzuie.

Tunasikia ulinzi ulichoka. Ni kisingizio?

Hapana, ni hesabu. Patriots walicheza plei 93, Falcons 46. Patriots walikaa na mpira dakika 40 na sekunde 31, Falcons dakika 23 na sekunde 27. Timu ya ligi ile kwa kawaida hucheza plei sitini na kitu katika mechi nzima. Ulinzi wa Falcons ulicheza karibu mechi moja na nusu usiku mmoja.

Uchovu wa ulinzi huanzia mahali maalumu. Wanaochoka kwanza ni wale wanne wa mbele, ambao kila plei wanasukumana na watu wenye kilo 140 na zaidi. Wakichoka hawaanguki, wanachelewa nusu sekunde tu. Nusu sekunde hiyo inampa kotabeki nafasi ya kumtazama mpokeaji wa pili na wa tatu. Hapo mabeki wa nyuma wanaanza kuonekana wabovu, kumbe wanakaba kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kukaba. Jarrett na wenzake walikuwa bado wanamfikia Brady mwanzoni mwa robo ya nne. Katika ile zamu ya yadi 91 hawakumfikia tena.

Kulikuwa na tatizo la mpango pia. Falcons walicheza mtu kwa mtu kwa sehemu kubwa ya mechi. Ukabaji huo huchosha kuliko wa kanda, ambapo beki hulinda eneo lake tu, kwa sababu kila beki anamfuata mtu wake popote aendapo, hata kama pasi haimwendei. Patriots walijibu kwa pasi fupi kwa mkimbiaji James White, anayekabwa na beki mzito wa katikati. White alidaka pasi 14 na kufunga pointi 20. Dawa ingekuwa kubadili kwenda kanda mapema, au kumweka beki mwepesi juu ya White na kukubali kupungukiwa mtu kwingine. Hili ni la mratibu wa ulinzi, wala halimhusu Shanahan.

Basi kwa nini watu wengi humlaumu mwitaji plei?

Kwa sababu ya zamu nne. Baada ya 28-3, mashambulizi ya Falcons yalipata mpira mara nne na hayakuleta hata pointi moja. Mara mbili kati ya hizo walikuwa tayari kwenye eneo la teke la pointi 3.

Zamu ya kwanza ilianzia yadi ya 41 ya Patriots, zawadi kabisa, baada ya teke fupi la Patriots kuharibika. Walifika yadi ya 32. Kosa la kumshika mpinzani likawarudisha yadi 10, kisha Ryan akaangushwa, mpira ukapigwa kuondolewa. Ya pili ni ile ya mpira kudondoka. Ya tatu ni ya yadi ya 22, ina swali lake hapa chini. Ya nne ilikuwa na sekunde 52 tu mfukoni, tuiache.

Kumbuka pia kwamba wakimbiaji wa Falcons walikuwa wakifanya kazi. Mikimbio 18, yadi 104: karibu yadi 6 kwa kila mkimbio mmoja. Timu inayopata yadi 6 kwa kukimbia, ikiongoza kwa pointi 19 au 16, ina kila sababu ya kukimbia.

Jaribio la tatu na yadi 1: kosa lilikuwa lipi hasa?

Dakika 8 na nusu zimebaki, 28-12, Falcons wako yadi yao ya 36. Wanahitaji yadi moja. Ryan anarudi nyuma kupiga pasi, Dont'a Hightower anapita ukingoni bila kuguswa, anampiga Ryan mkono ukiwa juu, mpira unaanguka, Alan Branch anauangukia.

Kuna tabaka tatu hapa, na watu huzichanganya.

Tabaka la kwanza ni uamuzi wa pasi. Kwa yadi 1, timu inayokimbia hufaulu zaidi ya mara sita katika kumi. Ikishindwa, inapiga mpira mbali na saa inaendelea kula. Pasi ikifaulu inaweza kumaliza mechi, ila ikishindwa ina njia tatu za kukuumiza: saa kusimama kwa pasi isiyodakwa, kunyakuliwa, na hili lililotokea. Kwa timu inayoongoza kwa pointi 16, bei ilikuwa kubwa kuliko bidhaa.

Tabaka la pili ni aina ya pasi. Pasi ya haraka, kotabeki akirudi hatua tatu na kuachia mpira chini ya sekunde mbili, haimpi Hightower muda wa kufika. Hii ilikuwa ya kurudi nyuma na kusubiri mpokeaji afunguke mbali. Kwa maoni yetu kosa kubwa zaidi liko hapa, sio katika neno "pasi" peke yake.

Tabaka la tatu ni utekelezaji. Mkimbiaji Devonta Freeman ndiye aliyepaswa kumzuia Hightower, akamkosa. Tevin Coleman, mkimbiaji mwenza, alikuwa ameumia kifundo katika plei iliyotangulia na kutoka nje. Mwitaji plei anajua nani yuko uwanjani. Ukiwa umempoteza mtu sekunde thelathini zilizopita, usiite plei ambayo roho yake imeshikwa na aliyeingia sasa hivi.

Yadi ya 22: walipaswa kufanya nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni refu.

Hali: 28-20. Falcons wanaanza yadi yao ya 10. Freeman anadaka pasi ya yadi 39. Kisha Julio Jones anadaka ukingoni mpira uliostahili kutoka nje, vidole vya miguu vikigusa nyasi kwa upana wa kiganja, yadi 27. Dakika 4 na sekunde 40 zimebaki. Jaribio la kwanza, yadi ya 22 ya Patriots.

Fanya hesabu ya teke kwanza. Kutoka mstari wa mpira ongeza yadi 10 za eneo la mwisho na 7 au 8 za kurudisha mpira kwa mpigaji. Yadi ya 22 ni teke la yadi 40 hivi. Mpigaji Matt Bryant alikuwa amefunga 34 kati ya 37 msimu ule, na mechi ilikuwa chini ya paa, bila upepo. Teke likiingia ni 31-20: tofauti ya pointi 11, maana yake Patriots wanahitaji zamu mbili badala ya moja. Wenye dakika nne na zamu mbili za kutafuta wako katika shida nyingine kabisa.

Sasa hesabu ya saa. Mkimbio unaoishia ndani ya uwanja hula sekunde 5 za plei yenyewe na hadi 40 za kusubiri. Mikimbio mitatu ni zaidi ya dakika 2, labda mpinzani atumie taimauti zake. Akizitumia, umezinunua kwa bei rahisi, maana atazikosa baadaye.

Kilichotokea ni hiki. Jaribio la kwanza, Freeman alikimbia akapoteza yadi 1. Sawa, bado teke ni la yadi 40 na kidogo. Jaribio la pili na yadi 11, iliitwa pasi. Ryan akarudi nyuma, Trey Flowers akamwangusha yadi 12 nyuma, mpira ukawa yadi ya 35. Teke likarefuka kuwa la yadi 52 au 53, gumu ila linawezekana. Jaribio la tatu, Mohamed Sanu alidaka pasi ya yadi 9, lakini Jake Matthews wa mstari wa mbele akaonekana anashika. Yadi 10 nyuma, mpira yadi ya 45. Jaribio la tatu na yadi 33, pasi haikudakwa, saa ikasimama. Mpira ukapigwa kuondolewa na Patriots wakaanzia yadi ya 9 wakiwa na dakika tatu na nusu.

Hoja ya Shanahan haikuwa ya kijinga. Jaribio jipya la kwanza lingemaliza mechi karibu kabisa, na timu yake ilikuwa imefunga pointi 540 msimu ule, ya kwanza katika ligi nzima, kwa kutoogopa. Kosa ni kutopanga ngazi ya mambo. Pale kwenye yadi ya 22 kitu cha kwanza cha kulinda kilikuwa teke la Bryant. Plei yoyote inayoweza kukurudisha nyuma yadi 12 inakutoa kwenye kitu hicho. Angetaka pasi, basi iwe ya pembeni na ya haraka, au Ryan aambiwe waziwazi: kama hakuna mtu, tupa mpira nje, usishike. Kutupa nje kunasimamisha saa, ndiyo, lakini hakupotezi hata yadi moja.

Kosa la kushika nalo ni la mwitaji plei?

Ni la Matthews. Hata hivyo mzuiaji huanza kushika anapozuia muda mrefu, na muda huo huchaguliwa na anayeita plei. Ryan aliangushwa mara 5 katika plei 28 za pasi. Ukiona mstari wako wa mbele umeanza kuvuja namna hiyo, punguza plei zinazoutegemea. Kuendelea nazo ni kuchota maji kwa pakacha.

Pasi aliyodaka Julian Edelman haikuwa bahati tu?

Ilikuwa bahati kwa sehemu. Alford aliugusa mpira, ukapaa, Edelman akaudaka katikati ya watu watatu wa Falcons sentimita chache kutoka chini. Yadi 23. Ukiurudia mkanda mara kumi utakubali kwamba mabeki wote walikuwa mahali pao. Pasi hiyo huwezi kuipangia lawama nyingi. Lakini ukiwa na pointi 11 mbele, muujiza wa mpinzani unakupunguzia usingizi tu. Ukiwa na 8, unakuua.

Na kocha mkuu?

Anatajwa kidogo kuliko anavyostahili. Quinn alitokea upande wa ulinzi. Miaka miwili kabla alikuwa mratibu wa ulinzi wa Seattle Seahawks. Makocha wa aina hiyo mara nyingi humwachia mratibu wa mashambulizi uwanja wote. Siku nyingi hilo ni jambo jema. Lakini usimamizi wa saa na wa tofauti ya pointi ni kazi ya kocha mkuu, haihamishiki. Sentensi moja kwenye redio, "tunataka teke, usirudi nyuma", ilitosha pale yadi ya 22.

Baada ya mechi, Smith aliondolewa kwenye nafasi yake siku chache tu baadaye. Shanahan alitangazwa kocha mkuu wa San Francisco 49ers siku iliyofuata. Aliyesimamia ulinzi wa plei 93 alifukuzwa na mwitaji plei wa mashambulizi akapandishwa cheo. Ajira ya Shanahan ilikuwa inajulikana kabla ya mechi, tuseme haki, lakini picha hiyo imechochea ubishi kuliko takwimu yoyote.

"Kuchoma saa" hufanywaje kwa vitendo?

Anzisha mpira sekunde 1 hadi 3 zikibaki kwenye saa ndogo. Ukianzisha zikiwa zimebaki 15, umemzawadia mpinzani sekunde 12 au zaidi. Plei kumi za namna hiyo ni dakika mbili nzima, na Patriots walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 57.

Mkimbiaji aanguke ndani ya uwanja, asisukumwe nje. Mpokeaji vilevile. Katika dakika 5 za mwisho za robo ya nne mtu akitoka nje saa husimama hadi plei inayofuata. Kabla ya hapo huanza tena mwamuzi akitoa ishara, hivyo hasara ni ndogo.

Kinachoharibika mara nyingi: kotabeki aliyezoea kasi huita mpira kwa mazoea. Kasi ndiyo iliyowapa Falcons uongozi, na kuizima katikati ya mechi ni zoezi linalohitaji kufanywa wiki nzima kabla, haliji kwa kuambiwa tu.

Kama Falcons wangeshinda urushaji wa sarafu je?

Wakati ule tachidauni ya zamu ya kwanza ya muda wa nyongeza ilimaliza mechi. Patriots walipata sarafu, wakaenda yadi 75, wakafunga, na Ryan hakugusa mpira. Mwaka 2022 kanuni ilibadilishwa kwa mechi za mtoano ili kila timu ipate zamu, na tangu 2025 inahusu msimu wa kawaida pia. Ni kilio halali. Lakini ulinzi uliokwishacheza plei zaidi ya 80 ulikuwa unatafuta kitanda, na sarafu isingewaponya.

Linganisheni na Seattle kwenye yadi ya 1.

Super Bowl ya 49, tarehe 1 Februari 2015, Glendale, Arizona. Seattle wako nyuma 28-24, jaribio la pili, yadi 1, sekunde 26. Marshawn Lynch yupo. Wanapiga pasi, Malcolm Butler anainyakua, mechi imekwisha. Dunia nzima ikamlaumu mwitaji plei.

Hapa tunawatetea kidogo. Seattle walikuwa na taimauti moja tu. Mikimbio mitatu isingeingia kwenye sekunde 26. Ili wapate majaribio yote matatu, angalau moja lilipaswa kuwa pasi, na la pili lilikuwa mahali pazuri pa kuiweka. Tatizo lilikuwa pasi waliyoichagua: ya kukata katikati, palipojaa watu, badala ya pembeni ambako isipodakwa inapotea nje.

Wakati huohuo ulinzi wa Seattle ulikuwa umeruhusu tachidauni mbili za Brady katika robo ya nne, baada ya kuongoza 24-14. Jeremy Lane alikuwa ameumia mkono na Cliff Avril kichwa, wote nje. Usiku ule lawama ya ulinzi ilikuwa kubwa kuliko inavyokumbukwa, kwa sababu plei moja ya mwisho hufunika robo nzima. Mratibu wa ulinzi huo alikuwa Dan Quinn. Ndiyo, huyohuyo.

Nitapimaje lawama kwa mechi yoyote nyingine?

Tafuta orodha ya plei zote za mechi; ligi huichapisha. Chukua karatasi, uorodheshe kila zamu ya kila timu: ilianzia yadi ipi, plei ngapi, dakika ngapi, iliishaje.

Kwanza, ondoa pointi ambazo ulinzi haukuwa uwanjani: pasi zilizonyakuliwa na kukimbizwa hadi mwisho, na mateke yaliyorudishwa. Kisha zungushia duara kila zamu ya mpinzani iliyoanzia ndani ya yadi ya 40 yako. Lawama ya hizo igawe nusu kwa nusu, au zaidi kwa mashambulizi kama ilianzia karibu sana.

Kisha tazama zamu zako zilizokufa timu ikiwa na uongozi. Kwa kila moja uliza: plei ililingana na jaribio, saa na tofauti ya pointi? Kama ndiyo na ikashindwa, ni utekelezaji. Kama hapana, ni uitaji, hata kama ilifaulu. Watu husahau kipande hicho cha mwisho. Uitaji mbaya uliofaulu bado ni mbaya, utakurudia tu wiki nyingine.

Mwisho hesabu plei za ulinzi wako. Zikipita 75, punguza lawama ya zamu za mwisho, usiifute.

Takwimu ipi inadanganya zaidi?

Jumla ya yadi. Brady alipiga yadi 466, lakini alipiga pasi 62. Falcons walipata yadi chache kwa jumla, 344 dhidi ya 546, ila kwa kila plei walikuwa juu: karibu 7 na nusu dhidi ya karibu 6. Mashambulizi yao hayakuwa dhaifu. Yalikuwa mafupi. Yalifaulu jaribio la tatu mara 1 kati ya 8, na hiyo ndiyo namba tungeibandika ukutani.

Haya, toeni hukumu.

Uitaji wa plei kwanza, pamoja na kocha mkuu aliyeusikia akanyamaza. Mstari wa mbele na Freeman wa pili. Ulinzi wa tatu, hasa kwa zamu ya yadi 91 na kwa kung'ang'ania mtu kwa mtu dhidi ya White. Anayeweka ulinzi wa pili hatutamkatalia sana. Anayeuweka wa kwanza hajahesabu plei.

Nikiurudia mkanda niangalie wapi?

Kwenye jaribio la tatu na yadi 1, usimwangalie Ryan. Simamisha picha kabla mpira haujaanzishwa, mtafute namba 24, Freeman, kisha namba 54, Hightower, ukingoni. Achia picha taratibu. Utaona 24 hamfikii 54, na 54 hapunguzi mwendo.